Tandiko jipya la punda: namna ya kulichagua na kulipima lisimjeruhi

Ndugu msikilizaji, kama una punda nyumbani, tunakuomba jambo moja kabla hujaendelea kusoma. Nenda ukamvue tandiko, kisha pitisha kiganja chako taratibu kuanzia shingoni, juu ya mabega, mgongoni mpaka kiunoni. Shuka mbavuni pande zote mbili. Halafu pitia kifuani, na nyuma ya miguu ya mbele pale mkanda wa tumbo unapopita. Unatafuta vitu vinne: uvimbe, joto, sehemu isiyo na manyoya, na manyoya meupe.

Hayo manyoya meupe wengi huyachukulia kama urembo au alama ya kuzaliwa. Lakini punda wa kijivu au wa kahawia mwenye madoa meupe mgongoni mara nyingi ana makovu. Pale palibanwa au palisuguliwa mpaka ngozi ikaumia ndani, na manyoya yaliyoota baadaye yakakosa rangi. Ukienda mnadani kununua punda, madoa hayo yatakueleza mengi kuliko muuzaji.

Katika kipindi chetu cha mifugo, swali hili hurudi kwa namna nyingi: ni dawa gani inaponya kidonda cha mgongoni ambacho kila kikikauka kinafunguka tena? Jibu letu huwa haliwafurahishi wote. Hakuna dawa itakayoponya kidonda hicho ikiwa kitu kilichokitengeneza kinarudishwa mgongoni kila asubuhi. Mara nyingi kidonda hicho si ugonjwa. Ni tandiko.

Kwa hiyo leo hatuzungumzii dawa. Tunazungumzia tandiko jipya: livae wapi, lishonwe na nini, na utajuaje kwamba linamfaa punda wako wewe, si punda wa jirani.

Uzito ukae wapi

Mshike punda wako katikati ya mgongo. Utausikia uti wa mgongo ukiwa umeinuka, mifupa midogomidogo iliyopangana kama kingo za paa, na juu yake kuna ngozi tu. Hakuna nyama ya kulalia mzigo. Sasa telezesha vidole kando, upande wa kulia na wa kushoto. Hapo utakuta nyama iliyolala juu ya mbavu. Mbavu zimepinda kama upinde, na upinde hubeba.

Hilo ndilo somo lote la tandiko. Mzigo ukae juu ya mbavu, pande mbili, na uti wa mgongo ubaki wazi kabisa, hewa ipite.

Gunia lililokunjwa na kuwekwa katikati ya mgongo halifanyi hivyo, hata liwe nene namna gani. Ukifunga madumu juu yake, kamba inavuta pande zote mbili kwenda chini, na gunia linabanwa juu ya mfupa. Unene wake unakudanganya. Utaona limetuna pembeni, kumbe katikati limekuwa bapa kama karatasi.

Watu wa farasi wanalijua hili tangu zamani. Tandiko zuri la farasi, ukiligeuza juu chini, utakuta mito miwili na mfereji katikati yake kutoka mbele mpaka nyuma. Kwetu farasi ni wachache; nchi yenye mbung'o wengi na tauni ya farasi haikuwahi kuwapenda. Wapo zaidi kaskazini, kwenye mashamba na kambi zinazopandisha watalii. Kama unafanya kazi huko, karibu yote tunayoeleza hapa yanakuhusu. Ila kuna tofauti moja kubwa. Farasi ana kinundu cha mfupa pale shingo inapokutana na mgongo, na kinasaidia kulizuia tandiko lisiteleze mbele. Kwa punda kinundu hicho ni kidogo sana, mgongo wake umenyooka. Ndiyo maana tandiko la punda huteleza kwenda shingoni akishuka mlima, na kurudi nyuma akipanda. Mwenye punda hukaza mkanda wa tumbo zaidi na zaidi ili lisiteleze, na hapo tumbo na kwapa ndipo huanza kuchubuka. Dawa yake si kukaza. Tutaifikia.

Wenzetu wa pwani wana shogi, ule mfuko mkubwa wa ukili unaolazwa mgongoni ukaning'inia pande mbili. Wamasai wana mifuko ya ngozi ambayo akina mama huwafungia punda wakati wa kuhama. Vyote vina busara ndani yake: vinagawa mzigo pande mbili. Lakini navyo vinahitaji mito chini yake, hasa ukibeba kitu kizito na kigumu kama mchanga, mawe au maji.

Pima kwanza, ndipo umwite fundi

Makosa ya tandiko huanza siku ya kununua. Mtu anakwenda sokoni, anaona tandiko limeshonwa vizuri, anauliza bei, anaondoka nalo. Punda hakuwepo. Ni sawa na kumnunulia mtu viatu kwa kuangalia rangi.

Punda hawafanani. Yuko mwenye mgongo mwembamba kama paa la nyumba ya bati, yuko mpana kama pipa. Tandiko lililofunguka sana likivishwa punda mwembamba litalala juu ya uti wa mgongo. Tandiko jembamba likivishwa punda mpana litambana kwa kingo zake za chini na kuyumba juu kama kofia ndogo.

Njia ya kumpima ni rahisi na haina gharama. Tafuta waya laini, ule wa mafundi ujenzi wa kufungia nondo. Ukunje mara mbili au tatu na kuusokota ili usilegee, urefu wake kama mita moja. Msimamishe punda mahali pa sawa, kichwa kikiwa katika hali yake ya kawaida, asiwe anakula chini.

Sasa tafuta ule mfupa bapa wa bega. Ukimtembeza hatua mbili utauona ukicheza chini ya ngozi. Hesabu vidole vitatu nyuma yake. Hapo ndipo mwanzo wa tandiko. Ukiliweka mbele zaidi, kila anapoinua mguu bega linagonga mbao. Lala waya hapo juu ya mgongo, ukunjie pande mbili mpaka ufuate umbo lake kabisa, kisha uinue taratibu bila kuupinda. Uweke juu ya boksi, chora mstari kwa kalamu ukifuata upande wa ndani, andika "mbele". Rudia katikati ya mgongo. Rudia mara ya tatu pale ubavu wa mwisho unapoishia, na hapo ndipo mwisho wa tandiko. Nyuma ya hapo hakuna mbavu za kubeba. Kuna kiuno kitupu.

Kata lile boksi kwa kufuata mistari, kisha urudishe vipande juu ya punda uone kama vinakaa. Umepata picha tatu za mgongo wake. Ziandike jina la punda na mwezi. Hizo ndizo utakazompelekea fundi seremala au fundi wa ngozi, na fundi mzuri atafurahi kuziona, kwa sababu hakuna anayependa kurudishiwa kazi.

Mwambie fundi jambo moja zaidi: vipande hivyo ni vya mgongo mtupu. Fremu ya mbao isikae juu ya ngozi. Itakaa juu ya mito, kwa hiyo aipanue kidogo, kwa kadiri ya unene wa mito ikiwa imebonyea.

Mito, fremu na mikanda

Tandiko la kubebea mizigo ambalo tunalipendekeza kwa maji, kuni na magunia lina sehemu tatu.

Ya kwanza ni mito miwili mirefu, mmoja kila upande, iliyounganishwa juu kwa kitambaa. Nafasi kati ya mito isipungue vidole vinne. Kitambaa cha upande wa ngozi kiwe cha pamba au turubai laini la pamba, kisichochoma. Ndani unaweza kujaza nyasi kavu laini, majani ya ngano, maganda makavu ya mahindi au majani makavu ya migomba yaliyochanwachanwa. Usufi ni laini lakini hubonyea upesi, kwa hiyo utaongeza mara kwa mara. Sponji ya kochi nayo hudanganya: ukiishika ni laini, ukiiwekea kilo arobaini inakuwa ngozi ya ngoma. Acha upenyo mdogo wa kushona na kushonoa, maana mto wowote utahitaji kujazwa tena.

Ya pili ni fremu. Ni misalaba miwili ya mbao, mmoja mbele na mmoja nyuma, iliyosimama juu ya mbao mbili bapa zinazolala juu ya mito. Pembe za misalaba ndizo unazoning'iniza madumu. Kingo zote zipigwe msasa. Ncha za zile mbao bapa zikunjwe juu kidogo, kama pua ya mtumbwi, zisichimbe akitembea. Kama fundi ametumia misumari, pitisha kiganja kitupu upande wa chini. Ikikuchoma wewe kwa sekunde moja, yeye itamchoma saa nne.

Ya tatu ni mikanda, na hapa ndipo tunapoona ukatili usiokusudiwa. Kamba ya nailoni ni nyembamba na ngumu. Ikilowa jasho inakata ngozi kama msumeno. Mpira wa tairi unashika joto, jasho halitoki, na ngozi chini yake inalainika na kuchubuka. Tumia mpira kufungia mzigo ukipenda, lakini usiuweke juu ya ngozi ya punda. Mikanda ya viti vya magari mabovu hupatikana kwa mafundi gereji, ni mipana na haikatiki upesi. Ishonee kitambaa cha pamba upande wa ndani na umepata mkanda mzuri kwa bei ndogo.

Mkanda wa tumbo upite kama upana wa kiganja nyuma ya kiwiko cha mguu wa mbele, si kwapani. Baada ya kuukaza, vidole viwili vilivyolala vipite chini yake bila kulazimisha. Kisha inua mguu wa mbele mmoja mmoja na uuvute taratibu mbele. Watu wa farasi hufanya hivyo kila siku ili ngozi iliyokunjamana chini ya mkanda inyooke.

Na ile dawa ya kuteleza? Ni mkanda wa kifua mbele na mkanda wa nyuma unaozunguka mapaja. Wa kifua hulizuia tandiko lisirudi nyuma akipanda mlima. Wa nyuma hulizuia lisiende shingoni akishuka. Mikanda hiyo miwili ikifanya kazi yake, wa tumbo unaweza kulegezwa kidogo na punda akapumua. Tafadhali sana, usipitishe kamba tupu chini ya mkia. Ngozi ya hapo ni laini kuliko mahali pengine popote, na kidonda cha hapo nzi hawakiachi.

Siku ya kumvisha

Mpanguse kwanza. Udongo mkavu uliochanganyika na jasho ni kama msasa. Tandaza shuka au blanketi jepesi la pamba chini ya mito, kisha ingiza mkono na uliinue kidogo katikati, liingie kwenye ule mfereji. Usipofanya hivyo litavutika juu ya uti wa mgongo kama ngoma, na faida yote ya mito itapotea.

Weka tandiko bila kulifunga. Lisukume kidogo kwa kidole mbele na nyuma. Likiyumba kama meza yenye mguu mfupi, halijamfaa. Pitisha kiganja bapa chini ya mto, mbele, katikati na nyuma. Mgandamizo uwe sawa kote. Ukikuta mkono unabanwa mbele na nyuma lakini katikati ni wazi, mzigo wote utakaa kwenye pembe nne.

Sasa funga, weka mzigo, na urudi nyuma ya punda. Mwombe mtu amshike, usisimame karibu na miguu. Inama uangalie chini ya tandiko. Lazima uone mwanga ukipita kutoka nyuma mpaka mbele juu ya uti wa mgongo, mzigo ukiwa juu yake. Wengi hupima kabla ya kuweka mzigo, wanaona mwanga, wanaridhika. Mto hubonyea.

Mtembeze kama robo saa tu, kisha vua kila kitu. Kwenye jua jasho ndilo fundi wako wa pili. Alama ya jasho iwe sawasawa pande zote mbili. Ukiona doa kavu katikati ya sehemu iliyolowa, hapo pamebanwa mno mpaka jasho limeshindwa kutoka. Ukiona manyoya yamelala ovyo au yamekatika, hapo panasuguliwa. Rudisha kwa fundi, au punguza na uongeze majani kwenye mto mwenyewe. Juma la kwanza nenda safari fupi na ukague kila mara unaporudi.

Tunasema shukrani ya punda ni mateke. Lakini mwangalie punda anayepiga teke. Je, anapiga wakati wowote, au anapiga ukimkaribia na tandiko? Punda anayekunja masikio nyuma, anayegeuka kukuuma ukikaza mkanda, anayezamisha mgongo ukimgusa, anakuonyesha pale panapouma. Hana njia nyingine ya kukwambia.

Kilo ngapi?

Hata tandiko zuri halifuti uzito. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo dumu la lita 20 likijaa ni kilo 20. Punda wetu wengi wana uzito wa takriban kilo 110 hadi 150. Mzigo wa mgongoni usizidi theluthi moja ya uzito wake, na kwa punda wa wastani usipite kilo 50, tandiko likiwa ndani ya hesabu.

Madumu mawili ni kilo 40. Ongeza tandiko na umefika. Madumu manne, kama tunavyoona kila asubuhi kwenye njia za visimani, ni kilo 80.

Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Basi tuupime kwa mwili wetu. Mama wa kilo 60 anapojitwisha dumu moja la lita 20 amebeba theluthi ya uzito wake. Anajua shingo na magoti yanavyosema akifika nyumbani. Punda wa kilo 120 mwenye madumu manne amebeba theluthi mbili. Ni kama mama yule kujitwisha madumu mawili, kila siku, kwa miaka.

Tunajua kisima kiko mbali na jua halisubiri. Hatusemi ni rahisi kwenda mara mbili. Lakini mwenye njia ya kupitika anaweza kufikiria mkokoteni wa magurudumu ya upepo, wa mtu mmoja au wa kushirikiana majirani, kwa sababu magurudumu hubeba na punda huvuta tu. Penye mawe na makorongo, mgongo ndio unaobaki, na hapo ni madumu mawili.

Mzigo uwe sawa pande zote mbili. Dumu moja lililojaa na jingine nusu huvuta tandiko upande mmoja na kulileta juu ya mfupa. Kupakia na kushusha kufanywe na watu wawili kwa wakati mmoja. Ukiwa peke yako, weka gongo la kuegemeza upande mmoja wakati unahangaika na mwingine. Punda asibebeshwe mizigo kabla ya miaka mitatu, na mzigo kamili usubiri mpaka minne. Mwenye mimba, ambayo kwa punda huchukua takriban mwaka mzima, apumzishwe miezi ya mwisho mitatu.

Kama anavuta mkokoteni

Hapa tuna neno moja kubwa: nira ni ya ng'ombe. Ng'ombe wetu wana nundu na shingo zenye nguvu, nira hukaa mbele ya nundu na ng'ombe huisukuma. Punda hana nundu. Ukimvisha nira, ule mti unakaa juu ya mifupa ya shingo na mabega na kuchimba. Nguvu ya punda iko kifuani.

Kwa hiyo anahitaji mkanda mpana wa kifua, usiopungua upana wa kiganja, wenye kitambaa laini ndani, ukishikiliwa na mkanda mwingine mwembamba unaopita juu ya shingo. Uvae juu kidogo ya kile kifundo cha mbele cha bega, lakini chini ya koo. Ukipanda unamkaba, ukishuka unamzuia kuinua miguu. Upime akiwa anavuta, si akiwa amesimama, maana akivuta hushusha kichwa na kila kitu husogea. Kiganja kipite kati ya mkanda na koo. Kamba za kuvutia zifungwe kwenye gongo lililoshikwa katikati tu, ili licheze mbele na nyuma kufuata hatua za mabega. Zikifungwa moja kwa moja kwenye mkokoteni, mkanda husugua kifua kila hatua.

Mkokoteni wa magurudumu mawili bado unaegemea mgongo kwa ile miti yake miwili, kwa hiyo tandiko dogo lenye mito na mfereji linahitajika. Jaribu hivi: mkokoteni ukiwa umepakiwa, inua ile miti kwa mkono mmoja. Ikiinuka kwa nguvu kidogo, mzigo umekaa vizuri. Ikikushinda, mzigo uko mbele mno na punda ataubeba. Ikiruka juu yenyewe, uko nyuma mno na mkanda wa tumbo utamnyonga. Na usisahau mkanda wa nyuma. Bila huo, mteremkoni mkokoteni husimama kwa kugonga miguu yake.

Kama kidonda kimeshatokea

Tandiko likae pembeni mpaka kidonda kifunge na manyoya yaanze kuota. Tunajua maana ya sentensi hiyo kwa nyumba inayotegemea punda mmoja. Lakini kidonda kichanga kikipumzishwa mapema kinaweza kupona kwa majuma machache; kikiendelea kubebeshwa kinaweza kufika mfupani, na hapo si majuma tena.

Kisafishe kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, yenye chumvi kijiko kimoja cha chai kwa nusu lita. Usimwagie oili chafu, maji ya betri, majivu wala sabuni ya unga. Mwite afisa mifugo wa kata, hasa kikinuka, kikitoa usaha au kikiwa kirefu. Muulize pia kuhusu pepopunda. Jina lenyewe la ugonjwa limembeba mnyama huyu, na ni kweli kwamba punda na farasi ni wepesi sana kuupata kupitia vidonda, na wengi hufa.

Kuna ujanja mmoja ambao tunaomba uachwe: kutoboa tundu kwenye gunia au mto pale penye kidonda ili kazi iendelee. Tundu lina ukingo. Uzito uliokuwa katikati unahamia kwenye ukingo huo, na kidonda kinapata duara jipya kukizunguka.

Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inayokataza kumtesa mnyama, na kumpakia kupita uwezo wake ni mateso. Hata hivyo hatuoni kwamba wengi wenu mnahitaji kutishwa na sheria. Hesabu ya mfukoni inatosha. Biashara ya ngozi za punda, zinazochemshwa kutengeneza dawa ya Kichina, imepunguza punda wengi barani, mpaka Februari 2024 viongozi wa Umoja wa Afrika wakakubaliana kuipiga marufuku. Kuwarudisha kutachukua muda, kwa sababu punda jike huzaa mtoto mmoja kwa mimba ya mwaka mzima. Punda anayetunzwa anaweza kuishi zaidi ya miaka 20. Linganisha umri huo na gharama ya mbao sita, mita mbili za turubai na mkanda wa kiti cha gari.

Mwisho kabisa, vile vipande vya boksi usivitupe. Vitundike ghalani. Wakati wa kiangazi malisho yakipungua, punda hukonda na mgongo huchongoka; masika hunenepa. Mpime tena kwa vipande hivyo kila msimu unapogeuka, na ukiona pengo, ongeza majani kwenye mito au uyapunguze. Ukinunua punda wa pili, mpime na yeye, mtengenezee vipande vyake.

Mnaotaka kutuonyesha matandiko mliyotengeneza, tutumieni picha kwa namba ya kipindi: moja ya pembeni, na moja ya nyuma inayoonyesha mwanga ukipita chini ya tandiko lenye mzigo. Juma lijalo tutashuka chini, kwenye kwato.